Kununua Mahitaji ya Jikoni kwa Unafuu Katika Masoko ya Dar es Salaam: Mwongozo Kamili

Katika masoko ya Dar es Salaam bei hutangazwa kwa sauti kubwa, lakini kipimo hakisemwi. Mchuuzi yuko radhi kukupunguzia shilingi 500 mbele ya watu, nawe ukaondoka umefurahi, kwa sababu anajua kwamba fedha hiyo atairudisha kwa namna atakavyovipanga viazi ndani ya sado, kopo lake la kupimia. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na maneno ya kubembeleza bei, ingawa nayo yatafika kwa zamu yake. Unaanza na kipimo, kisha msimu, kisha soko lenyewe na saa ya kulifikia, kwa sababu mnunuzi aliyeyashika hayo hupata unafuu hata kama hana ulimi mwepesi. Na raha ya kupata kitu kizuri kwa bei nzuri, ambayo ndiyo inayowaamsha watu alfajiri kwenda Ilala au Mabibo wakati genge lipo mlangoni kwao, humfikia kwa ukamilifu yule tu anayeweza kueleza kwa nini bei aliyoipata ni nzuri.

Hatua ya kwanza: ijue bei kabla ya kuitafuta iliyo nafuu

Chagua bidhaa ambazo nyumba yako hainunui kwa bahati, yaani mchele, unga, maharage, mafuta, sukari, vitunguu, nyanya, viazi, nazi, dagaa na ndizi, na uandike bei zake katika daftari au katika simu kila unaponunua. Usiandike bei peke yake. Andika bei, kipimo na mahali, kisha ukifika nyumbani upime uzito kwa mizani ndogo ya jikoni na kuuandika pembeni. Baada ya wiki chache utakuwa na orodha fupi inayokueleza bei ya kilo moja ya kila kitu, na hiyo ndiyo bei ya kweli pekee, kwa kuwa fungu, sado, kopo na kisahani hubadilika ukubwa kutoka meza moja hadi nyingine bila mtu yeyote kutoa taarifa.

Hatua ya pili: jifunze kukisoma kipimo

Hapa inafaa kukaa kwa muda, kwa maana fedha nyingi za jikoni hupotelea hapa.

Sado ni kopo la rangi la lita 4, na hutumika kuuzia viazi, nyanya, vitunguu, karoti, hata maharage. Mtazame muuzaji mzoefu anapolijaza kwa viazi. Chini huweka vile vikubwa vilivyosimama wima, vikiegemeana kiasi cha kuacha mapango katikati. Juu yake hupanga vingine kwa kuvilaza kuelekea nje ya mdomo wa kopo, kimoja kikikishikilia kingine, mpaka kilima kinapanda na macho yako yanaridhika. Kilima hicho ni cha kweli, lakini chini yake mna hewa nyingi. Makopo mengine yamebonyezwa kitako kwa ndani, na hilo hulioni ukitazama kutoka juu. Unachopaswa kufanya ni kuomba kwa upole kopo lijazwe kwa kumwagiwa badala ya kupangwa, au kuchagua viazi vya ukubwa wa kati, ambavyo hukaa vizuri pamoja na kuacha nafasi ndogo. Ukiweza, lishike kopo likiwa tupu kana kwamba unalisogeza tu, na upitishe mkono kitakoni.

Fungu lina hesabu yake. Nyanya nne chini na moja juu huonekana nyingi kuliko nyanya sita zilizotawanywa, na upande wenye doa daima hutazama meza. Kabla ya kulinganisha fungu la shilingi 1,000 la hapa na lile la pale, geuza nyanya mbili za chini. Hakuna anayekasirika kwa hilo, na akikasirika umeshapata jibu.

Kwa vitu vinavyopimwa kwa mizani, tazama mambo mawili. Mshale uwe kwenye sifuri kabla ya kitu chochote kuwekwa, na mizani iwe na alama au stika ya Wakala wa Vipimo, ambao huzihakiki mizani za biashara. Mizani ya saa iliyoning'inizwa juu ya usawa wa macho humfanya mnunuzi mfupi aisome vibaya, kwa hiyo sogea mpaka uitazame usoni.

Mafuta ya kupima yana siri ambayo wengi hawaijui. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa takriban gramu 920 na haifiki kilo. Pale ambapo duka moja linauza lita na jingine linauza kilo kwa bei ileile, anayenunua kwa kilo hupata mafuta mengi zaidi, kama asilimia 9 hivi. Kadhalika, katika sukari na unga, robo mara nyingi huwa na nyongeza ya bei iliyojificha. Tuseme kilo moja ya sukari inauzwa shilingi 3,000 na robo inauzwa shilingi 800. Anayenunua robo mara nne amelipa 3,200. Shilingi 200 hizo si nyingi kwa siku, lakini zikirudiwa katika sukari, mchele, unga na mafuta mwezi mzima zinatosha kununua samaki.

Kuhusu lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo wake, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinaukataza ufungashaji huo, na gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Mnunuzi wa mjini anaweza kuliona lumbesa kama bahati njema. Binafsi sihesabu hiyo kuwa bei nzuri, kwa kuwa kilemba kile kimelipiwa na mkulima wa Njombe au Makete, aliyeuza gunia moja na kutoa karibu moja na nusu. Mnapochangia gunia na majirani, ulizeni uzito na mlipe kwa kilo.

Hatua ya tatu: nunua kwa msimu

Hakuna mbinu ya mazungumzo inayoweza kushindana na msimu. Maembe huanza kujaa sokoni kuelekea mwisho wa mwaka, na wakati wa wingi wake dodo na bolibo huuzwa kwa bei ambayo miezi sita baadaye ingekuchekesha. Machungwa ya Muheza hufurika katikati ya mwaka. Mahindi na mchele hushuka bei baada ya mavuno, hasa kuanzia mwezi wa sita, kisha hupanda polepole hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata, wakati maghala ya wakulima yamepungua. Familia yenye uwezo wa kutenga fedha kidogo kila mwezi ingefanya vema kununua mahindi ya gunia zima mwezi wa saba au wa nane, kuyaanika, na kuyapeleka mashineni kidogo kidogo. Ukisaga dona hupotezi kitu, na ukikoboa kwa ajili ya sembe, pumba ni zako. Mwenye kuku anajua thamani yake.

Nyanya ni jambo tofauti, kwa sababu hazingoji. Wakati wa masika mvua huharibu mazao shambani na barabara huchelewesha magari, hivyo tenga lililokuwa likiuzwa kwa bei ya chini mwezi wa tisa linaweza kuwa ghali mwezi wa nne. Hapo mpishi mwenye akili hupunguza nyanya katika mchuzi na kuongeza tui, karoti au ukwaju, badala ya kupigania bei ambayo muuzaji mwenyewe hana uwezo nayo.

Samaki nao wana kalenda yao, na wachache nje ya wavuvi huifuata. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa vizuri kunapokuwa na giza. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu mwanga wake huzidi nguvu ya taa, wavuvi wengi hupumzika, na mzigo hupungua sokoni siku chache baadaye. Ukitaka dagaa kwa unafuu, nunua katika kipindi cha giza na uweke akiba ya kuvuka mwezi mpevu. Baharini, majira ya kusi huleta upepo mkali unaozizuia mashua ndogo kutoka, ilhali kaskazi mara nyingi hutuliza maji na samaki huongezeka.

Na Ramadhani. Mihogo, magimbi, viazi vitamu, nazi, tambi na tende hupanda bei kadiri mwezi unavyokaribia. Tende, tambi, sukari na unga havina sababu ya kusubiri mpaka mwezi uandame, kwa hiyo vinunue katika mwezi wa Shaabani.

Hatua ya nne: peleka kila hitaji katika soko lake

Tandale ni soko la nafaka, na huko ndiko unakoweza kuona aina nyingi za mchele na maharage zikiwa katika magunia yaliyo wazi, jirani kwa jirani. Mabibo, ambako watu wengi wamezoea kupaita Mahakama ya Ndizi, ni kwa ndizi kwanza, ingawa mboga na matunda vipo tele. Ilala ni kwa mboga, viungo na matunda. Samaki ni Feri, Magogoni. Genge la mtaani kwako lina nafasi yake pia: nyanya tatu, kitunguu na pilipili hoho vya chakula cha leo usiku havistahili nauli.

Nauli ndiyo inayosahaulika. Tuseme umeokoa shilingi 3,000 katika mchele na mboga, lakini umelipa daladala kwenda, bajaji kurudi, na kijana wa kukubebea mzigo hadi barabarani. Kama jumla ya gharama hizo ni 4,000, umenunua kwa bei ghali na umechoka bure. Kanuni ninayoiona kuwa ya haki ni kwenda soko la mbali kwa mahitaji ya wiki mbili au zaidi tu, au kwa ununuzi wa watu kadhaa.

Hatua ya tano: chagua saa

Magari ya mizigo huingia usiku, na biashara ya jumla hufanyika kabla ya jua kuchomoza. Alfajiri unapata mali iliyo bora na bei ya jumla, ila lazima ununue kwa wingi: tenga, mkungu, gunia. Asubuhi ya saa nne hadi saa nane mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mnunuzi, kwa kuwa wachuuzi hawana haraka. Kuanzia saa kumi na moja jioni mambo hugeuka. Mwenye mchicha, matembele au kisamvu anajua kuwa kesho majani yatakuwa yamenyauka, na mwenye ndizi mbivu anajua hivyohivyo. Jioni nunua vinavyoharibika, na nafaka uziache kwa siku nyingine, kwa sababu mwenye maharage hana sababu ya kuyatupa.

Hatua ya sita: kagua mali

Mchele. Ingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, uchote wa chini na kuulinganisha na wa juu. Ikiwa wa juu ni mrefu na mkamilifu na wa chini una chenga nyingi, umechanganywa. Ukiambiwa kuwa ni wa Kyela, unuse, kwani mchele wenye harufu nzuri huitoa hata ukiwa mkavu. Uliza pia kama ni mpya au wa zamani. Mchele mpya una harufu zaidi lakini hushikana upesi ukizidishiwa maji, ilhali wa zamani hunywa maji zaidi, huvimba na kuchambuka, jambo linaloufanya utoshe walaji wengi zaidi kwa kilo ileile. Kwa pilau ya watu wengi ningechukua wa zamani bila kusita. Kwa uji wa mtoto au vitumbua, chenga inatosha kabisa na ni nafuu.

Ndizi za kupika huchaguliwa kwa kutazama kingo zake: ndizi iliyokomaa imejaa na kingo zimeanza kuwa duara, na ile iliyokatwa mapema ina kingo kali na itakuwa ngumu sufuriani. Nazi itikise sikioni usikie maji yakicheza, kisha utazame macho yake matatu, ambayo yanapaswa kuwa makavu yasiyo na ukungu. Viazi vyenye rangi ya kijani viache hata kama vinatolewa kwa nusu bei, kwa kuwa ukijani huo ni dalili ya sumu isiyoondoka kwa kuchemsha. Samaki afunguliwe mashavu: matamvua yawe mekundu, macho yawe maangavu yaliyojaa, na nyama ukiibonyeza irudi.

Hatua ya saba: zungumza bei

Salamu kwanza, na heshima kulingana na umri. Mama mtu mzima hupewa shikamoo kabla ya kuulizwa bei ya bamia. Baada ya hapo, uliza bei kwa sauti ya kawaida, bila kuonyesha kwamba umeshapenda. Usianze kwa kutaja nusu ya bei uliyotajiwa, kwani mbinu hiyo ni ya nguo za mitumba, na mwenye mboga huiona kuwa dharau. Mazungumzo yenye matunda huwa hivi:

"Shikamoo, mama. Vitunguu sado bei gani leo?"

"Marahaba, mwanangu. Elfu sita, hivi ni vya Singida, vikavu kabisa."

"Ni vizuri kweli. Nikichukua sado mbili na viazi sado moja, utanifanyia ngapi?"

"Chukua, nitakuachia vitunguu elfu kumi na moja."

"Haya, mama, bei sitaisumbua tena. Niongeze tu."

Hapo mama ataweka vitunguu vitatu au vinne, pengine na ndimu moja. Nyongeza ndiyo kitovu cha ununuzi wa sokoni, na kwa maoni yangu ina faida kuliko punguzo. Muuzaji hutoa nyongeza kwa moyo mwepesi zaidi kuliko anavyotoa noti, kwa sababu kitunguu kwake kina bei ya jumla na kwako kina bei ya rejareja. Iombe baada ya kukubaliana bei, na kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Ukishampata muuzaji mwenye kipimo cha haki, rudi kwake. Mteja wa kudumu huambiwa ukweli, kwamba nyanya za leo zimelala au kwamba mzigo wa kesho utakuwa na bei ndogo, na taarifa kama hiyo hainunuliki. Kuna pia pale ambapo kubembeleza hakufai. Bibi aliyekaa chini na mafungu matano ya mchicha wa shilingi 300 alipwe anachotaja. Kumkata shilingi 100 hakuongezi kitu nyumbani kwako.

Hatua ya nane: changianeni

Feri huonyesha vizuri kuliko mahali popote faida ya kununua pamoja. Samaki wanaposhushwa humwagwa mezani kwa mafungu makubwa, dalali hutangaza bei ya kuanzia, na wachuuzi, mama lishe na wenye migahawa hupandishiana. Mtu mmoja mwenye familia ya watu wanne hana la kufanya na ndoo nzima ya vibua. Lakini watu watano wakichanga fedha na kumtuma mmoja mwenye jicho la samaki, wote hupata kwa bei ya mnada, kisha huwalipa vijana wa kupara samaki kwa pamoja. Kabla ya kuingia mnadani wekeni kikomo cha bei na msikivuke, kwa sababu sauti ya dalali ina namna ya kumfanya mtu ajione anashindwa asipoongeza.

Katika kugawana, tumieni mizani kwa vitu vya uzito na hesabu kwa vitu vinavyolingana, na mfuate kanuni moja inayomaliza manung'uniko: anayegawa mafungu ndiye anayechagua wa mwisho. Nauli na gharama ya kubeba zihesabiwe katika bei ya mzigo kabla ya kugawanywa, na aliyeamka saa kumi usiku apewe cha ziada.

Katika maduka makubwa ya kujihudumia mambo ni mepesi. Tazama bei kwa gramu, kagua tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye bidhaa zilizopunguzwa bei, na chukua zile za nyuma ya rafu, ambako mara nyingi mali mpya huwekwa. Maziwa, mtindi na mkate vilivyokaribia tarehe ni ununuzi mzuri kama vitaliwa usiku huohuo.

Hatua ya tisa: hifadhi ulichookoa

Nyanya zilizooza nyumbani zimekugharimu bei kamili, hata kama ulizipata kwa nusu. Usizioshe mpaka siku ya kuzitumia, na zitandaze kivulini bila kurundikana. Vitunguu viwekwe penye hewa, mbali na viazi, kwa kuwa vikikaa pamoja huharakishana kuharibika. Viazi vikae gizani. Maharage yaanikwe juani kabla ya kuwekwa katika chombo chenye mfuniko unaokaza, kwa sababu unyevu na wadudu ndio maadui wake wawili. Kwenye mchele wengi hutia pilipili kavu nzima, nami ninafanya hivyo. Samaki wapakwe chumvi na ndimu, kisha wakaangwe au wagandishwe siku hiyohiyo, wakiwa wamegawanywa katika mifuko ya mlo mmoja mmoja ili usilazimike kuyeyusha wote.

Na kama jioni umeshawishika kuchukua masalo, yaani zile nyanya zilizopondeka kidogo ambazo huuzwa kwa bei ya kutupa, kazi yake huanza dakika unapofika nyumbani. Kata sehemu zilizoharibika, zitupe zote zenye ukungu, na zilizobaki uzisage na kuzichemsha bila mfuniko katika sufuria pana mpaka maji yakauke na rojo iwe nzito. Tia chumvi kidogo, ipoe kabisa, kisha ijaze katika vikombe vidogo na kuigandisha. Kikombe kimoja kinatosha sufuria ya maharage ya watu sita, na ndoo moja ya masalo ya mwezi wa tisa inaweza kukufikisha hadi Desemba.